Kipa Aliyeninyima Matusi

Wanangu, mmeniuliza mara tatu sasa jinsi mtu anavyoanza kwa kuandika mpira gazetini akaishia kuandika tamthilia za televisheni. Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili niliwaambia mnywe chai kwanza. Mara ya tatu mlikuja na daftari jipya, mkakaa kwenye mkeka wangu hapa Gongoni, Tabora, na kunitolea macho, nikaona sina pa kukimbilia. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, maana nyie mkiandika ninayosema mtayakata yale ninayoyapenda.

Nawaonya mapema. Mnataka kanuni, na mimi sina kanuni. Nina habari za mtu mmoja, kipa wa mpira na fundi baiskeli, jina lake Ndahani, aliyeninyima matusi kwa miaka ishirini na miwili. Najua mmecheka. Kachekeni mmalize, kisha mrudi hapa, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu namna ya kuwafanya watu wazungumze kwenye televisheni nilijifunza kwa kuyakosa matusi ya mtu huyo.

Baadhi yenu mmekulia mbali na huku, hivyo lazima niwaeleze utani. Mimi ni Mnyamwezi. Baba alikuwa fundi cherehani hapahapa Gongoni, na mama ni wa Kwihara, kijiji ambacho misafara ya zamani ilikuwa ikipumzika kabla ya kushika njia ya kwenda pwani. Babu zetu walibeba mizigo ya pembe za ndovu kichwani na mabegani mpaka baharini, na katikati ya njia hiyo kulikuwa na nchi kavu ya Wagogo. Wenye visima walikuwa Wagogo, wenye kiu tulikuwa sisi. Tukagombana, tukauziana maji, tukazikana, tukaoana, na mwisho wake tukawa watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Akifika kwenye msiba wenu atawachekesha wafiwa, na akifika kwenye harusi yenu anaweza kukaa mlangoni akamzuia bwana harusi asipite. Ni undugu kabisa, ila ukiusikia kwa mbali utadhani watu wanataka kupigana.

Baba yake Ndahani alikuwa Mgogo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Ndahani mwenyewe alizaliwa hapa, akasoma hapa, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko. Jumamosi na Jumapili alikuwa kipa wa Nyota ya Gongoni, timu yetu ya mtaa. Tulikuwa rika moja. Kila asubuhi nikipita na baiskeli yangu alikuwa akiniona tangu mbali.

"Wewe Mnyamwezi!" anapiga kelele, soko zima linasikia. "Leo mzigo uko wapi? Au umeutua porini ukakimbia?"

"Nimekuja kununua maji, Mgogo. Fungua kisima."

"Utalipa nini wewe, na shanga zote ulizigawa njiani kwa kuogopa simba?"

Siku ambayo sikutukanwa na Ndahani nilikuwa naona kama sijanywa chai. Nataka mlikumbuke hilo, maana ndilo lililokuja kupotea.

Kwenye uandishi niliingia kwa sababu ya malaria, na wala haikuwa malaria yangu. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mwandishi wa gazeti moja la Dar es Salaam hapa Tabora. Siku ya mechi akashikwa na homa, akaniambia, "Tausi, nenda uniandikie nani amefunga, basi." Nilikwenda, nikarudi na kurasa mbili. Kaka akazisoma kwa simu pale posta huku meno yakigongana. Mhariri wa michezo kule Dar, Mzee Kondo, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza nani aliyeandika. Kaka akasema ni dada yake. Mzee Kondo akamwambia, "Basi wewe endelea kuugua."

Huyo Mzee Kondo ndiye mwalimu wangu wa kwanza, na kwa miaka minne sikuwahi kumwona sura. Nilimjua kwa kikohozi chake. Ulikuwa unaomba simu kwa opereta wa posta, unakaa kwenye benchi, unangoja, ukiitwa unakimbilia kibandani na karatasi zako, na kule upande wa pili unasikia mtu anakohoa, ndipo unajua umefika. Alinifundisha mambo mengi, ila moja limenilisha maisha yangu yote. Nilikuwa namsomea jinsi mpira ulivyotoka kulia, ukaenda kushoto, ukaingia wavuni. Akanikatiza. "Binti, mpira wote waliokuwepo waliuona. Niambie yule aliyekuwa mbali na mpira alikuwa anafanya nini."

Tangu siku hiyo nikawa natazama mpira kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa kwa beki anayefunga kamba ya kiatu wakati timu yake inashambulia, kwa kocha anayetafuna jani, kwa mchezaji wa akiba ambaye timu yake imefunga bao na yeye hakuruka. Mkienda uwanjani, fanyeni hivyo. Mkienda harusini pia, msimtazame bibi harusi tu.

Makosa nilifanya, tena si haba. Nyota ya Gongoni ilikuwa na mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alivaa tisa, Doto kumi na moja. Kipindi cha pili jezi ya Kulwa ilichanika, Doto akampa ya kwake, yeye akavaa nyingine isiyo na namba, na mimi nikiwa najiona mjanja nikaandika kuwa namba kumi na moja, Doto, amefunga bao zuri la kichwa. Gazeti lilipofika na treni, mama yao alikuja nyumbani kwetu akiwa amejifunga kanga mbili. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakusema marahaba. Alisema, "Nimefuata bao la Kulwa." Baba akamkaribisha kiti, akakataa. Alisimama mlangoni mpaka nilipoandika masahihisho mbele yake na kumsomea. Kuanzia hapo, kabla ya kwenda posta nilikuwa napita kwanza kwa mama wa mfungaji.

Lakini hilo lilikuwa kosa la kucheka, na sasa nafika kwenye kosa ambalo sikulicheka.

Nyota ya Gongoni ilicheza na timu ya Igunga hapa mjini, na mshindi ndiye angeuwakilisha mkoa. Mji mzima ulikuwa uwanjani. Jambo lingine lilijulikana pia: timu moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita Ndahani kwa majaribio, na wiki mbili mbele alitakiwa apande treni. Alikuwa tayari ameazima sanduku. Mechi ilikwenda bila bao mpaka karibu na mwisho. Kisha mtu wa Igunga akapiga shuti la kizembe kutoka mbali, mpira ukaja unatambaa chini, mpira ambao hata mimi na gauni langu ningeudaka. Ukapita katikati ya mikono ya Ndahani. Tukafungwa moja bila.

Mimi nilikasirika kama watu wote, ila hasira ya mtani huwa inatoka kama kicheko. Nikapanda baiskeli mpaka posta, nikaandika ripoti yangu kwenye benchi, na katikati yake nikaweka sentensi niliyoiona tamu sana: "Kipa Ndahani jana aliuza lango kwa kibuyu cha maji." Nilikuwa namtukana mtani wangu kama alivyonitukana asubuhi ile. Mgogo na maji yake, Mnyamwezi na kiu yake. Hapa Tabora hata mtoto angeelewa. Siku hiyo Mzee Kondo alikuwa msibani, na aliyepokea simu yangu aliandika kila neno kama nilivyolisema, bila kukohoa. Simlaumu, kwa sababu alifanya kazi yake sawasawa.

Gazeti lilipofika, kichwa cha habari kilikuwa KIPA AUZA LANGO TABORA.

Hapa mjini watu walicheka sana. Ndahani mwenyewe aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani kibandani kwake, na akaniambia kwamba kwa kuwa sasa ana utajiri wa kibuyu kizima, ataninunua mimi na baba yangu na cherehani. Tulicheka mpaka machozi. Siku nne baadaye Ndahani akapata telegramu kutoka kwa ile timu ya Dar yenye maneno mawili: Usije tena.

Wanangu, gazeti lile halikusomwa Tabora peke yake. Lilisomwa na watu ambao hawakumjua Ndahani, hawakujua mimi ni nani kwake, hawakujua kuwa maneno yale yalikuwa na kicheko ndani yake. Kicheko changu kilibaki kwenye benchi la posta, na kilichosafiri yalikuwa ni maneno matupu: kipa ameuza mechi. Na mwandishi wa hukohuko Tabora ndiye amesema, kwa hiyo lazima iwe kweli.

Nililia, nikapiga simu, nikamweleza Mzee Kondo. Akakohoa, kisha akasema, "Tausi, mimi ningeikata sentensi hiyo, na usingejua kwa nini nimeikata. Sasa unajua." Akachapisha masahihisho, mistari minne chini kabisa ya ukurasa wa ndani, kando ya tangazo la baiskeli iliyopotea. Akawapigia simu wale watu wa timu kubwa mwenyewe. Walikuwa wameshapata kipa mwingine, wakasema hawana haja ya mtu mwenye maneno maneno. Ndahani hakucheza tena mashindano. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Asubuhi iliyofuata baada ya Ndahani kurudisha lile sanduku kwa mwenyewe, nilipita kibandani kwake nikiwa nimejiandaa. Nilitaka anitukane kuliko siku zote, anitukanie ukoo mzima mpaka Kwihara. Nilipofika aliinuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia kwa upole kabisa.

"Habari za asubuhi, Bi Tausi. Karibu ukae."

 Alikuwa hajawahi kuniita Bi Tausi. Alinitengenezea mnyororo vizuri, akaniambia niende salama. Kesho yake ilikuwa hivyohivyo, na mwaka uliofuata hivyohivyo. Sikununiwa hata siku moja. Harusi yangu alihudhuria, akakaa kwenye viti pamoja na wageni waheshimiwa, na mlango ambao mtani wangu alitakiwa auzibe ulikuwa wazi, bwana harusi akapita kama anapita barabarani. Nilikuwa nimevaa vizuri, watu wanapiga vigelegele, na mimi natazama ule mlango.

Niwaambie ukweli kuhusu mtu huyu: sijaona mwanaume aliyebeba fedheha isiyo yake kwa adabu namna ile. Hakunisema vibaya kwa mtu yeyote. Hakuanza kunywa, hakuhama mji. Alitengeneza baiskeli, na ukipewa baiskeli na Ndahani ulikuwa unaweza kwenda nayo Nzega na kurudi bila kusikia hata spoku moja ikilalamika. Alikuwa akienda Igunga kununua vipuri, na pale kituo cha mabasi wapiga debe walimjua, wakawa wanamwita, "Kipa! Leo unauza nini?" Yeye anawajibu, "Spoku. Mnataka ngapi?" Anapanda basi lake anarudi. Hayo niliyasikia kwa watu, yeye hakuwahi kunieleza.

Mimi nikaendelea na kazi. Nilihamia Dar es Salaam kwenye chumba cha habari chenyewe, Mzee Kondo akastaafu, nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza nami kukohoa kwenye simu. Sentensi za vijana nilizikata nyingi. Walidhani sipendi utani.

Siku moja akaja ofisini mwanamke mmoja anaitwa Rehema, muongozaji wa tamthilia. Alikuwa anapiga picha za tamthilia yenye timu ya mpira ndani yake, akataka mtu wa michezo amsomee mswada aone kama uko sawa. Nikausoma palepale. Nikamwambia, "Wachezaji hawasemi hivi." Akaniuliza wanasemaje. Nikaanza kumweleza, akanikatiza, akaniwekea karatasi nyeupe mezani na kuniambia niandike.

Msidhani niliweza. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa ripoti ya mechi. Niliandika: dakika ya kwanza Salma anaingia jikoni, dakika ya tatu anafungua dirisha, dakika ya tano mumewe anarudi. Waigizaji wakausoma, wakaugeuza nyuma kuona kama kuna kingine, mmoja akauliza, "Mama, sisi tunasema nini?" Nikarudi nyumbani nikaona haya, nikaandika tena, safari hii wahusika wangu wakasema mpaka basi. Salma anamwambia mumewe: nimekukasirikia sana kwa sababu ulinidanganya na moyo wangu umevunjika. Nikaona nimemaliza kazi.

Rehema alikuwa na tabia ya kutafuna kalamu. Aliisoma ile sentensi, akatafuna, akaniuliza, "Dada Tausi, kwenu Tabora mtu akiumizwa na mtu anayempenda, anasema hivi?"

 Nikachukua kalamu, nikafuta maneno yote ya Salma. Nikaandika mume anaingia, na Salma, ambaye tangu mwanzo wa tamthilia alikuwa akimtania kila akifika mlangoni, anainuka, anafuta mikono, anasema: "Habari za kazi, Baba Juma. Karibu ukae."

Yule mwigizaji alipoyasema maneno hayo mbele ya kamera, watu waliokuwa wanashika taa waliacha kunong'ona. Rehema akaniambia, "Sasa umeanza kuandika." Nikaenda chooni nikalia, maana nilijua nimeyatoa wapi.

Basi huo ndio ufundi wangu, na nawapa bure. Gazetini maneno huenda peke yake, hayana uso. Kwenye televisheni maneno yanakwenda na uso wa anayesema na uso wa anayeambiwa. Kwa hiyo msiandike kinachosemwa tu. Jiulizeni hawa wawili walikuwa wanasemeshanaje jana, halafu mbadilishe kitu kimoja. Na lile la Mzee Kondo msilisahau: kamera mwelekezeeni yule aliye mbali na mpira. Nimeandika tamthilia nyingi kwa mambo hayo mawili, na watu wameniita fundi.

Lakini kila niliposifiwa nilijiona mwizi. Nilikuwa nakula kwa jeraha la Ndahani, na jina lake bado lilikuwa limelala kwenye gazeti lile. Ndipo nikapata wazo la kuandika sehemu moja ya tamthilia juu ya kipa na mwandishi. Nikapanda treni nikaja Tabora kumwomba ruhusa, na nilikuwa nimeamua kabisa kwamba akikataa naiacha.

Nilimkuta kibandani palepale. Mvi zimeingia, anatengeneza na pikipiki sasa. Akaniwekea kiti, "Karibu, Bi Tausi, habari za Dar." Nikamweleza. Alikuwa ananyoosha rimu, anaizungusha, anaitazama, anakaza spoku moja, anaizungusha tena. Nikadhani hasikilizi.

"Andika," akasema mwishowe. "Ila usinilize. Mimi sikulia."

"Sitakuliza."

"Na usiseme mpira ulikuwa mgumu. Ule mpira ulikuwa rahisi, Bi Tausi. Ulinipita kwa sababu nilikuwa nawaza treni ya Dar. Nilikuwa nimeshafika, nimeshavaa jezi yao. Nilifungwa kizembe na timu yangu ikatoka kwa sababu yangu. Hilo liache kama lilivyo. Ila sikuuza."

Niwaambie, kwa miaka yote ile nilidhani anangoja nimsafishe. Kumbe alikuwa anataka kitu kimoja tu kitolewe, na kosa lake mwenyewe abaki nalo. Nimewahoji wachezaji wengi, wakubwa kwa wadogo. Wote walifungwa kwa sababu ya jua, uwanja au mwamuzi. Ndahani peke yake ndiye aliyeniambia alikuwa anawaza safari.

Niliporudi Dar tukagombana na Rehema. Yeye alitaka kipa adake penalti mwishoni, halafu mwandishi na kipa wakumbatiane. Nikamwambia hakuna penalti na hakuna kukumbatiana. Kipa amefungwa, basi amefungwa. Akaniuliza watazamaji wataondoka na nini. Nikamwambia wataondoka na ukweli, na nitausema mimi mwenyewe. Rehema akaacha kutafuna kalamu. Mwandishi wa tamthilia hakai mbele ya kamera, na mimi sikuwahi. Nilimwambia hii ni mara moja tu, na kama hataki anirudishie mswada wangu.

Akakubali. Tulipiga picha ile mara moja. Nimesimama mbele ya watu wanaoigiza kuwa soko la Tabora, nimeshika lile gazeti la zamani lenyewe, karatasi imekuwa ya njano. Nikasoma sentensi yangu kwa sauti. Kisha nikasema, "Haya niliandika mimi. Kipa huyu ni mtani wangu, nami nilikuwa namtania, lakini utani huo niliwapa watu ambao hawakuwa watani wake. Alifungwa. Hakuuza." Nilikuwa nimeinamisha shingo, na Rehema akataka turudie. Nikakataa.

Siku sehemu hiyo iliporushwa nilikuwa hapa Gongoni kwa dada yangu. Nilishindwa kutazama. Nilikaa uani nikachambua mchele huku nikijisikia mwenyewe ndani ya nyumba nikisoma sentensi ile. Dada alipotoka kuniita aliyakuta mawe na mchele nimevichanganya tena kwenye ungo mmoja.

Asubuhi nikachukua baiskeli ya shemeji, nikaenda sokoni. Sikuwa naipanda, naikokota tu, maana sikuwa na haraka ya kufika. Nilijiambia kwamba nimefanya lililokuwa langu, na yeye hana deni lolote kwangu. Kibandani kulikuwa na watu, labda saba au wanane, wengine wana baiskeli na wengine wamekuja tu. Ndahani aliponiona aliinuka. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya asubuhi ile ya miaka ishirini na miwili nyuma.  Nikajua kinachofuata ni habari za asubuhi.

Akakitupa kitambaa chini.

"Wewe Mnyamwezi!" Soko zima likageuka. "Yaani hata kwenye televisheni unasimama kama umebebeshwa pembe za ndovu! Shingo imezama, magoti yamepinda! Igunga wamenipigia simu tangu alfajiri, wanauliza yule mama anaumwa nini!"

 Nilikuwa nalia mbele ya watu wazima, na baiskeli ya shemeji imeniangukia mguuni. Ndahani akaja akaiinua, akaiegemeza ukutani. Kisha akasema, si kwa kelele sasa, ila kila mtu alisikia.

"Tua mzigo, Mnyamwezi. Umefika."

Nikakaa kwenye kile kiti chake cha wateja. Nikajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Watu walikuwa wakinitazama, na nilijua kwamba ikiwa sitajibu, watani hatujawa.

"Nipe maji, Mgogo," nikasema. "Kama kisima chenu hakijakauka kwa uchoyo."

Akaingia ndani, akachota mtungini, akaniletea kwenye kikombe cha bati. Nikanywa yote mpaka tone la mwisho. Nikamrudishia kikombe, nikamwambia mbele ya soko zima kwamba maji yake yananuka grisi.